Mgonjwa Asiyeonekana Kuwa Mgonjwa

Askari aliyezoea lindo humtambua majeruhi mara amwonapo: damu yamtoka, au mguu umevunjika. Lakini wako wagonjwa wapitao mbele ya lindo wima, wakisalimu na kucheka, hali maisha yao yategemea vidonge au sindano ya kila siku. Hao ni watu wenye kisukari, shinikizo la damu, kifafa, pumu, maradhi ya moyo, na wale waishio na virusi vya UKIMWI. Katika makala hii twataka kueleza haja zao kwa mfano wa Rusizi, wilaya ya Rwanda ambayo wengi wetu twaikumbuka kwa jina la Cyangugu.

Rusizi iko mbali na mji mkuu. Atokaye Kigali husafiri zaidi ya kilometa 200, akiupita msitu wa Nyungwe, ndipo afike Kamembe. Ng'ambo ya mto uko mji wa Bukavu, na watu huvuka mpaka kila siku kwa biashara, masomo na matibabu. Ziko hospitali za Gihundwe na Mibilizi, lakini mkazi wa kisiwa cha Nkombo katika Ziwa Kivu hana budi kupanda chombo kwanza. Kwa mgonjwa wa siku moja safari hiyo ni taabu. Kwa mgonjwa wa maisha ni taabu isiyokwisha.

Kwa sababu hiyo Rwanda iliazimia kuyapeleka matibabu karibu na wananchi. Kuanzia mwaka 2006, katika hospitali za mashambani, wauguzi walifundishwa kuwatunza wagonjwa wa maradhi ya kudumu ambao zamani walipaswa kumfuata daktari bingwa mjini. Mpango huo ulienea, na mwezi Agosti 2022 mawaziri wa afya wa Afrika, waliokutana Lomé, waliukubali mkakati wa namna hiyo kwa bara zima. Vijijini nako wako washauri wa afya, waliochaguliwa na majirani zao wenyewe.

Hata hivyo, kazi hiyo yote yaweza kukatizwa kwenye kizuizi cha barabara. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya Korona, mpaka wa Bukavu ulifungwa, na mwezi Juni Rusizi nayo ikawekewa amri ya kutotoka. Amri ilikuwa ya haki, kwani ilikinga maisha. Lakini mwenye kifafa aachapo dawa ghafla aweza kushikwa na degedege lisilokoma, na mwenye kisukari cha utotoni akikosa insulini aweza kufa katika siku chache. Kwa hiyo, wakati wowote wa amri kama hiyo, kadi ya kliniki iliyo mkononi mwa mwananchi isomwe kwa makini kama isomwavyo hati ya kusafiria.

Polisi nao wajue jambo jingine. Mtu ayumbaye, atokwaye jasho, anenaye maneno yasiyoeleweka, si lazima awe mlevi. Huenda ni mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka mno. Akiwa aweza kumeza, apewe maji ya sukari au soda yenye sukari upesi. Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitali. Kumfungia mahabusu hadi asubuhi kwaweza kumwua.

Tena tusidhani kwamba wagonjwa hao ni raia tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28 wana shinikizo la damu, na karibu nusu yao hawajijui. Maradhi hayo hayamzuii askari kupiga kwata. Aweza kuendelea na kazi miaka mingi, kisha siku moja akaanguka kwa kiharusi. Wako pia wajijuao lakini wafichao, wakihofia kuondolewa kazini.

Twawaomba makamanda wawaondolee hofu hiyo. Askari apewe nafasi ya kwenda kliniki siku yake, zamu ipangwe ipasavyo, na ahamishwapo kikosi, dawa na kadi yake vihame pamoja naye. Nasi askari tukubali kupimwa. Silaha hukaguliwa kila siku ingawa haijaharibika. Mwili wa aishikaye nao wastahili kukaguliwa.