Mashini haioni kidole cha kapita

Mafundi wa programu wako na mutumishi mupya. Ni akili bandia, ile tunasikia mu redio kwa jina la IA, lakini si ile ya kuzungumza tu. Hii inapewa kazi, tuseme kurekebisha programu ya hesabu, na inaifanya yenyewe: inafungua mafaili, inaandika, inajaribu, ikikosa inarudia. Ili iweze vile, fundi anaipa vyombo. Kimoja kinasoma faili, kingine kinatafuta bei, kingine kinafuta. Mu mwezi wa 11 wa 2024, kampuni Anthropic ya Marekani ilitoa kanuni moja inayoitwa MCP, na tangu pale makampuni mengi yanaunganisha vyombo vyao kwa njia hiyo.

Jambo ambalo batu wengi hawalijui ni hili: ile akili haichagui chombo kwa kuangalia ndani yake. Inasoma jina lake, orodha ya vitu vya kuingiza, na maneno machache ambayo fundi aliandika juu ya kazi yake. Basi. Maneno yakiwa mabaya, itachukua nyundo pahali pa msumeno, na itapiga mbio kuliko mutu yeyote.

Mu mugodi, kapita akisema "leta kile kintu", kijana anaangalia kidole chake kinaelekea wapi. Asipoelewa, anauliza mukubwa wake pembeni. Mashini haioni kidole. Inaweza kuuliza, lakini mara nyingi inakisia, na inaendelea sawa vile imejua.

Tuchukue Kasenga. Mji uko ku mutoni Luapula, ng'ambo ni Zambia, na tangu wakati wa Union Minière samaki wa pale walilisha wafanyakazi wa migodi ya Lubumbashi. Tuseme kijana mumoja anatengeneza programu ya kujulisha mama wauzaji bei ya samaki. Anaandika chombo na maelezo yake: "bei_samaki: inatoa bei ya samaki." Kwa mutu wa Kasenga inaonekana inatosha. Lakini samaki gani, mubichi ao mukavu? Kwa kilo ao kwa kitunga? Na feza gani? Ku mupaka ule kunapita faranga ya Congo, kwacha na dola, na mu kinywa chetu "falanga" inaweza kuwa feza yoyote. IA haitajua, itaweka moja, na mama atabeba mzigo mpaka Lubumbashi kwa bei ya uongo.

Maelezo mazuri ni marefu kidogo: "Inatoa bei ya jumla ya kilo moja ya samaki mukavu ku soko ya Kasenga, kwa faranga ya Congo. Andika aina ya samaki na tarehe. Usiitumie kwa samaki mubichi wala kwa bei za upande wa Zambia. Kama siku ile hakuna bei, inajibu 'hakuna bei'. Usiweke bei ya jana pahali pake." Angalia ile sentensi ya mwisho. Fundi wengi wanaisahau, na mimi naona njo ya lazima kuliko zote, juu inasema chombo kinafanya nini wakati kimeshindwa.

Mambo ya vipimo si ya kucheka. Mu 1999 Wamarekani walipoteza chombo chao cha anga, Mars Climate Orbiter, juu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kingereza na ingine iliipokea kama vipimo vya metriki.

Sasa turudi ku kazi yetu, pahali pananiuma. Programu za kuhesabu saa na mishahara zitaandikwa zaidi na zaidi kwa namna hii. Weka mawazo ku chombo kinaitwa "futa_saa", na maelezo yake: "Inafuta saa za mufanyakazi." Saa za siku moja ao za mwezi? Zinaweza kurudi? Fundi mwenye akili ataandika: "Inafuta saa zote za mwezi mumoja za mufanyakazi mumoja. Haziwezi kurudishwa. Kurekebisha siku moja, tumia rekebisha_siku. Kabla ya kuitumia, ngoja mutu wa ofisi akubali." Na bado maneno si kufuli. Chombo chenyewe kinapaswa kukataa mpaka mutu akubali, sawa vile mashini inafungwa kwa kufuli kabla mutu hajaingiza mukono.

Zamani, vitabu vidogo vya Kiswahili ambavyo wakubwa wa kizungu walipewa hapa Katanga vilijaa amri: leta, beba, ngoja. Profesa Johannes Fabian alivichunguza mu kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni. Maelezo mengi ya vyombo vya leo yanafanana navyo: amri iko, jibu haliko.

Sheria ya kazi namba 015/2002 inasema delegasyo ya sandika iulizwe juu ya masaa ya kazi na namna ya kulipa. Kama programu inagusa vile vitu, maelezo ya vyombo vyake ni maandishi ya kawaida, hata ukurasa mumoja. Delege anaweza kuyasoma bila kujua programu hata kidogo. Ayaombe kwa Kifaransa, ao kwa Kiswahili, na ayasome na batu wa zamu. Mutu wa zamu ya usiku atauliza mara moja: saa ya usiku inaanza wakati gani, na ni saa ya Lubumbashi ao ya Kinshasa, ile iko nyuma saa moja?