Biskuti za Kakao Zisizopoteza Umbo

Mkesha wa Idd el-Fitri iliyopita tuliwaahidi mayatima wa mtaa wetu wa Mlandege biskuti za kakao zenye umbo la mwezi na nyota. Zilipotoka jikoni, zote zilikuwa duara. Tuliona haya, kwani ahadi ni deni.

Kosa lilikuwa letu: siagi ilikwishalainika kwa joto, na beking pauda ikaziumua.

Safari hii tunapiga siagi gramu 200 na sukari ya unga gramu 150, tunatia yai 1, unga wa ngano gramu 300, kakao gramu 60 na chumvi kidogo. Beking pauda haitiwi. Vanila iwe ya unga, kuepuka ile ya maji iliyochanganywa na pombe.

Sukumeni unene wa nusu sentimita, mkinyunyiza kakao ili pasibaki madoa meupe. Kateni, kisha wekeni katika friji dakika 30: siagi baridi hukawia kuyeyuka, na biskuti hukauka kabla ya kutandaa. Okeni kwa nyuzi 180, dakika 10 hadi 12, na ziacheni zipoe palepale.

Juzi tulijaribu trei moja. Nyota zilibaki nyota. Inshaallah, deni letu litalipwa.