Volkano ikinyamaza, turudi?



Mwezi huu swali limetoka Jabe, Bujumbura, kwa mama mmoja mwenye asili ya Goma. Watoto wake walimwonyesha kwenye simu filamu ya mlima unaobomoka, na wingu la moto linateremka kushinda gari. Akatuuliza: "Mwalimu, Nyiragongo nayo inaweza kutufanya hivi? Nyanya yao bado yuko kule."

Mama, lava ya Nyiragongo ni nyepesi, inatiririka kama uji. Ile ya kwenye filamu ni nzito kama bugali. Ikitoka haiendi mbali, inajirundika pale pale kwenye mdomo wa mlima mpaka inakuwa kilima. Kilima hicho kinakua wiki, hata miezi. Kwa nje unaona kimepoa, kumbe ndani kuko moto na gesi iliyobanwa. Siku kikizidiwa na uzito wake, upande mmoja unaporomoka. Mawe, majivu na gesi vinashuka pamoja, zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na joto la mamia ya digrii. Hapo hakuna kukimbia. Kule Unzen, Japani, tarehe 3 Juni 1991, walikufa watu 43: waandishi wa habari, wazima moto, hata wataalamu watatu wa volkano, watu waliojua mambo haya kuliko sisi wote. Kisiwani Montserrat, tarehe 25 Juni 1997, walikufa 19. Baadhi yao walikuwa wamerudi mashambani, ndani ya eneo lililofungwa. Tunawaelewa, mazao hayangoji.

Nyiragongo haijulikani kwa vilima vya namna hiyo. Lakini tusilale. Mwaka 1977 ziwa lake la lava lilipasukia ubavuni, na lava ikakimbia kuliko mtu. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya Goma mpaka Ziwa Kivu. Watu walivuka Gisenyi, na baada ya siku chache tu wakaanza kurudi, lava ingali ya moto. Tarehe 21 watu walikuwa wanachota mafuta kwenye kituo cha petroli, kikalipuka. Makumi wakafa, na mlima ulikuwa umeshatulia! Kuna pia mazuku, ile gesi nzito kuliko hewa inayolala mashimoni na mabondeni. Haionekani, na mtoto ndiye anaanguka kwanza sababu ni mfupi.

Na tarehe 22 Mei 2021, usiku ule wa mbio, watoto zaidi ya 150 walitengana na familia zao. Ni UNICEF waliohesabu. Kwa hiyo mtoto ajue jina lake lote, la baba na mama, na namba moja ya simu kwa kichwa.

Tukamwambia yule mama: mpigie nyanya, mlima ukitoa moto aondoke, na asirudi kabla wakubwa wa mji hawajaruhusu. Akacheka. "Nyanya huyo? 2002 alirudi siku ya tatu, kuangalia kuku."

Kuku hawakuwepo.