Kidonge Kinachoyeyuka Kijikoni

Tuseme umewapeleka watoto likizo kwa nyanya yao huko Masimba, Kisii. Usiku wa pili kitinda mimba anaanza kuharisha. Asubuhi, kwenye zahanati, unapewa pakiti za chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, pamoja na vidonge vya zinki. Unashangaa: mtoto wa miezi minane atamezaje kidonge?

Usikiponde. Kiweke kijikoni, tia maji safi kidogo au maziwa ya mama, nacho kitaporomoka chenyewe. Kwa kanuni za Ulaya, kidonge cha aina hii sharti kisambaratike kwa muda usiozidi dakika 3.

Je, ni nini hukivunja upesi hivyo? Angalia sufuria yako ya ugali. Ukitia maji, ukoko huyanyonya, huvimba, kisha hujibandua wenyewe. Ukoko huo ni wanga, na watengenezaji wa dawa hutumia wanga uo huo. Wanga wa mahindi, viazi au muhogo huchanganywa na dawa kabla ya kushindiliwa kuwa kidonge. Maji yakiingia, wanga huvimba na kukisukuma kidonge kutoka ndani hadi kipasuke. Ili uvimbe haraka zaidi, wanga hubadilishwa kwanza kiwandani kwa kemikali. Viwanda vingine hutumia nyuzinyuzi za miti au pamba. Huko India, wataalamu wamejaribu ute wa mbegu za uwatu na hata unga wa ndizi, zao ambalo mashamba ya Kisii yanalijua sana.

Faida yake si ndogo. Mzazi anayekata kidonge cha mtu mzima vipande vinne hawezi kujua kila kipande kina dawa kiasi gani. Mtoto akipungukiwa, haponi, akizidishiwa, anadhurika. Ndiyo maana mwaka 2009 dawa ya malaria ya Coartem ilitolewa kwa vidonge vya watoto vinavyosambaratika majini. Mwaka 2016 Kenya ikawa nchi ya kwanza duniani kuanza kutumia kote nchini dawa za kifua kikuu za watoto za aina hiyo, zenye ladha ya matunda.

Lakini tahadhari, mzazi! Si kila kidonge ni cha kutiwa majini. Vingine vimepakwa ganda ili vipite tumboni salama, au vimetengenezwa vitoe dawa polepole kwa saa nyingi. Ukiviponda, unaharibu kazi hiyo, na dawa yote yaweza kuingia mwilini kwa mara moja. Kwa hiyo muulize mfamasia kabla ya kuondoka dukani: "Hiki cha mtoto kinayeyuka majini?"

Na zinki, mpe mwanao siku zote ulizoandikiwa, kwa kawaida 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma.