Usingizi wa Mchana: Sababu Zake, na Yasemwayo na Tiba ya Kihindi



Kila msimu wa karafuu twasikia lawama ile ile: vijana wa siku hizi wavivu, mchana kutwa wasinzia. Yatupasa tulitazame jambo hili kwa makini zaidi. Anayesinzia dukani huangusha kichwa juu ya meza tu, lakini anayesinzia juu ya mkarafuu huanguka yeye mwenyewe, na mikarafuu ya zamani hupita futi 40.

Kusinzia siku moja baada ya kazi nyingi ni jambo la kawaida, wala hakuna haja ya kulitafutia dawa. Kusinzia kila siku, wiki baada ya wiki, kuna sababu yake, na sababu hiyo yaweza kutafutwa ikaonekana.

Sababu kubwa ndiyo ile iliyo rahisi kusahauliwa, nayo ni kwamba mtu hakulala usiku. Mtu mzima ahitaji usingizi wa saa saba au zaidi katika siku moja. Mfano mzuri tunao ng'ambo ya bahari, katika kata ya Mtunda, Wilaya ya Kibiti, nchi ile ile ya Rufiji ambayo tangu zama za majahazi ilivipatia visiwa hivi mchele na boriti za mikoko. Katika bonde hilo na delta yake, mpunga ukikaribia kukomaa mkulima huhamia shambani akakaa juu ya dungu. Usiku huwafukuza nguruwe mwitu na viboko. Kukipambazuka, ndege washuka kwa makundi, na kazi yaanza upya. Asiye na mwenzake wa kupokezana hana saa ya kulala, na hiyo kidogo aipatayo mbu humwibia. Mtu akikaa hivyo wiki kadhaa, kisha ukamkuta amelala kivulini saa sita mchana, ukamwita mvivu, umemdhulumu.

Na sisi tunalo dungu letu. Karafuu huchumwa mchana, huchambuliwa jioni hata usiku kwa mwanga wa taa, na zilizoanikwa zataka mlinzi kwa ajili ya mvua na wezi. Yule yule aliyeamka mara nne usiku kukusanya majamvi, asubuhi hutarajiwa kupanda mti na kuhesabiwa pishi zake.

Kuhusu deni hili la usingizi, waganga wa kale wa Bara Hindi wana neno ambalo twaona lafaa kusikilizwa. Tiba yao huitwa Ayurveda, maana yake elimu ya maisha, na dawa zake si ngeni katika pwani yetu, kwani wafanyabiashara wa Kihindi wameziuza pamoja na viungo. Mmoja wa waandishi wake wakubwa, Vagbhata, aliyeishi yapata karne ya 7, alifundisha kwamba aliyekesha bila ya kuzoea kukesha alale asubuhi kwa nusu ya muda aliokesha, na alale kabla hajala. Basi aliyekesha saa sita, alale saa tatu, ndipo ale. Kanuni hii ni ya akili. Haimwachi mtu na deni lote, wala haimlazi mchana kutwa hata usiku akakosa usingizi tena.

Charaka, aliyemtangulia Vagbhata, alikataza kulala mchana isipokuwa wakati wa joto kali, lakini akawaruhusu watoto, wazee, wagonjwa, na waliochoka kwa safari au kwa kubeba mizigo. Wachumaji wa karafuu hakuwataja. Karafuu yenyewe aliijua kwa jina la lavanga, kitu cha kutafunwa kwa kusafisha kinywa, lakini mti wake ulikuwa ukiota mbali naye, katika visiwa vya Maluku. Twaamini angaliwaona wachumaji wetu angaliwatia katika orodha.

Charaka huyo huyo alitenga aina sita za usingizi: ule wa usiku ambao ni maumbile, ule wa uchovu wa mwili na akili, ule unaofuata maradhi, ule wa kiza cha nafsi, ule wa ghafla usiotazamiwa, na ule wa kuzidi kapha. Kapha ndiyo wazee wetu waliyoiita balghamu, ile tabia ya baridi, unyevu na uzito inayomjia mtu alaye sana akakaa tu. Hatudai kwamba maabara yaweza kuipima balghamu. Hata hivyo, mgawanyo huu wasema jambo la maana, kwamba usingizi wa mchovu, wa mgonjwa na wa mwenye kushiba si kitu kimoja, wala dawa yake si moja.

Katika maradhi, la kwanza kutazamwa hapa kisiwani ni upungufu wa damu. Wazee waliijua safura: mtu hupauka, huchoka upesi, huhema akipanda mlima, na husinzia akikaa. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu unaokanyaga udongo wenye mabuu yake, kisha hukaa katika utumbo ikinyonya damu kidogo kidogo kila siku. Utafiti uliofanywa Pemba katika miaka ya 1990 uliwakuta watoto wengi mno wa skuli wana minyoo hiyo, na ukaonyesha kwamba ilikuwa sababu kubwa ya damu yao kupungua. Mwanamke mwenye hedhi nzito au aliyezaa kwa kufuatana yumo katika hatari hiyo hiyo hata kama hana mnyoo mmoja. Damu hupimwa kwa tone la kidole. Ikionekana imepungua, dawa ni ya minyoo na ya madini ya chuma, na hii ya chuma huendelea kwa miezi, haiishi kwa wiki moja.

Hapa twaomba wazazi watusikilize vizuri. Haifai kumnunulia mtoto mdogo dawa ya kuongeza damu kwa kumtazama usoni tu. Hapa hapa Pemba, watoto wa chini ya miaka mitatu walipewa madini ya chuma na foliki katika utafiti mkubwa, na mwaka 2003 sehemu hiyo ilisimamishwa kwa sababu waliopewa walizidi kuugua sana na kufa kuliko wasiopewa. Matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Wakati huo malaria ilikuwa nyingi kisiwani, na wataalamu waliihusisha na hatari hiyo. Mtoto apimwe kwanza, ndipo atibiwe.

Malaria nayo imepungua sana Zanzibar kuliko zamani, lakini bado huja na wasafiri. Mwenye kwenda Kibiti kwa mavuno ya mpunga au biashara, akarudi akiwa na homa na usingizi mzito, asikae kungoja ipite. Akapimwe siku ile ile.

Wengine watauliza habari za malale. Ugonjwa huu huletwa na mbung'o, na mgonjwa wake, maradhi yakisha fika katika ubongo, hulala mchana akakesha usiku. Siku hizi ni nadra sana Tanzania. Unguja ilikuwa na mbung'o waliosumbua ng'ombe. Waliangamizwa kwa kuachiliwa madume yaliyofugwa Tanga na kufanywa tasa, na mbung'o wa mwisho alionekana mwaka 1996.

Yako na mengine. Mtu mnene anayekoroma kwa nguvu, pumzi zikimkatika usingizini, huamka amechoka ingawa alilala saa nane. Mkewe ndiye shahidi, na aende naye kwa daktari. Ugonjwa wa sukari huchosha, na huzuni ya muda mrefu pia. Vidonge vingi vya mafua na vya kuwashwa mwili huleta usingizi, hivyo mwenye kuvimeza asipande mti siku hiyo.

Sasa turudi kwa Wahindi, tuone dawa zao. Kwa usingizi wa balghamu hushauri chakula chepesi cha usiku, kinacholiwa mapema. Kuamka kabla ya jua. Mwendo au kazi ya mwili asubuhi. Na kupunguza mafuta mengi, vitu vitamu na maziwa mazito. Hayo hayana gharama wala madhara kwa mtu mzima mwenye afya, nasi twayapendekeza. Huongeza mchanganyiko wa tangawizi kavu, pilipili manga na pilipili ndefu, kwa kiasi kidogo. Mwenye vidonda vya tumbo aache. Charaka alitaja hata hofu, hasira na kitanda kibaya kuwa vyaondoa usingizi. Ni kweli, lakini hatumshauri mwanachama yeyote aanze ugomvi nyumbani kwa ajili ya tiba.

Mzizi uitwao ashwagandha huuzwa kwa sifa ya kuleta nguvu. Jina lake la kitaalamu, Withania somnifera, maana yake ni mleta usingizi, na kweli huweza kumfanya mtu asinzie. Kwa maradhi tunayoyasema haufai. Ziko pia dawa za Kihindi zinazotengenezwa kwa kutiwa madini. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa katika maduka ya Boston zilipimwa, na moja katika kila tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Vidonge visivyo na jina la mtengenezaji visinunuliwe. Na mafuta yetu ya karafuu, ambayo baadhi ya watu huyanywa kwa matone wakitafuta uchangamfu, ni makali: hudhuru ini, na kwa mtoto yaweza kuua. Tuyauze, tuyapake, tusiyanywe.

Chai ya tangawizi ni nzuri, ila isinywewe pamoja na chakula kwa mwenye damu pungufu, kwani majani ya chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Angoje saa moja au mbili. Dagaa, maini, kunde na mboga za majani vikamuliwe ndimu, ambayo husaidia chuma cha mboga na kunde kuingia. Kahawa iishe kabla ya alasiri, la sivyo usiku utamdai.

Kwa msimu ujao twapendekeza kupima damu kufanywe kabla mchumo haujaanza, maana mwenye kuhitaji dawa ya chuma ataihitaji kwa miezi. Na wenye mashamba wapange zamu mbili za kulinda majamvi. Aliyelinda usiku alale nusu ya saa alizokesha, ale, kisha apewe kazi ya chini, kuchambua au kugeuza karafuu juani, na mkarafuu apande mwingine.