Kodi ya Nyumba Hailipwi kwa Dola

Kila dalili ya hali ngumu inapojitokeza, iwe ni petroli kupanda, habari za deni la serikali au joto la uchaguzi, simu yangu huanza kulia, na anayepiga huwa hata hajamaliza salamu: "Mwalimu, hivi vijisenti nilivyonavyo, nivigeuze dola?" Wanaouliza wanabadilika, swali halibadiliki. Nimelijibu harusini, nimelijibu kwenye foleni ya feri ya Likoni, nimelijibu matangani mchanga wa kaburi haujakauka. Leo nalijibu kwa maandishi, ili nikiulizwa tena nitume gazeti.

Hapana. Usigeuze.

Anayeniuliza si mwagizaji wa magari kutoka Japani wala mzazi mwenye mtoto anayesoma Malaysia. Hao nao nitawafikia. Ni mtu wa mshahara au wa duka, anayelipa kodi ya nyumba kwa shilingi, karo kwa shilingi, unga, gesi, nauli na tokeni za umeme kwa shilingi, na mkopo wake wa sacco hukatwa kwa shilingi kabla mshahara haujagusa akaunti. Tangu azaliwe hajawahi kudaiwa dola hata moja. Akiambiwa uchumi unaharibika anakimbilia dola, sawa na mtu aliyeambiwa masika yanakuja akaenda kununua mashua ilhali paa la nyumba yake linavuja.

Tuanze na Januari 2024, kwa sababu kuna watu hadi leo hawataki kuutaja mwezi ule. Mwisho wa 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 123. Kufikia wiki za mwisho za Januari 2024 ilikuwa imevuka 160. Hofu kubwa ilikuwa moja: Kenya ilidaiwa dola bilioni 2 za hatifungani ya kimataifa iliyokuwa inaiva Juni, na soko zima lilikuwa likiuliza zitatoka wapi. Barazani watu walikuwa wakizungumzia 200 kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Kisha Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa hatifungani mpya na kulipa sehemu kubwa ya ile ya zamani kabla ya siku yake. Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 13. Hatifungani ya miundombinu ikatolewa kwa riba ya zaidi ya asilimia 18, na wageni wakaingiza dola zao nchini kuigombania. Mapema Aprili dola ilikuwa karibu 130. Tangu Agosti mwaka huo, na mwaka mzima wa 2025, ikawa imetulia hapo kwenye 129.

Mwalimu mmoja wa Kisauni alikuwa na shilingi 160,000 za karo ya wanawe wawili. Januari ile akazigeuza dola 1,000, akazifunga kwenye bahasha, akalala usingizi wa mtu mwenye akili. Mwezi Mei, muhula wa pili ulipofunguliwa baada ya kuahirishwa kwa sababu ya mafuriko, akazipeleka duka la kubadilishia fedha pale mjini. Kijana wa dirishani akazipanga mafungu mawili: noti za mia upande huu, za ishirini upande ule, kwa sababu noti ndogo hununuliwa kwa bei ya chini. Akazigeuza moja moja kutazama mwaka na mikunjo. Noti moja ilikuwa ya zamani, yenye kichwa kidogo, hiyo akairudisha bila kusema neno. Nyingine ilikuwa na alama ya kalamu, nayo ikapigiwa bei yake peke yake. Mwalimu alitoka na pungufu ya 130,000. Shule haikumuuliza dola ilikuwa ngapi Januari. Ilimwuliza salio.

Pesa zile zile, miezi ile ile, zingekaa kwenye dhamana za serikali za siku 91, zilizokuwa zikilipa karibu asilimia 16 kwa mwaka, zingezaa kama 6,400. Toa kodi ya asilimia 15, zinabaki 5,400 na ushei. Si utajiri, lakini karo ingetimia na chenji ya nauli ingebaki.

Sasa ataibuka mzee mmoja kuniambia hiyo ilikuwa bahati mbaya tu. Mzee, wewe ndiye uliyekuwapo mwaka 1993, hebu tukumbushane. Baada ya fedha zilizomwagwa kwenye uchaguzi wa 1992 na kashfa ya Goldenberg, mfumuko wa bei ulifika asilimia 46 na dola ikapanda kutoka karibu 36 hadi 68 katika mwaka mmoja. Ukiona hivyo utaapa shilingi imekufa. Mwisho wa 1994 dola ilikuwa karibu 45. Haya, mwaka 2011: Oktoba dola ikagonga 107, Benki Kuu ikapandisha riba hadi asilimia 18, na kufikia mwisho wa Desemba dola ilikuwa karibu 85. Kisha 2024. Mara tatu mchezo ni ule ule. Hofu inapanda, riba inapandishwa, dola za kigeni zinafuata riba, bei inaporomoka, na aliyenunua kileleni anabaki ameshika bahasha.

Na mtu wa kawaida karibu kila mara hununua kileleni. Si kwa ujinga, ni kwa sababu ya mahali anapopatia habari. Mwagizaji wa ngano hujua dola imeadimika siku benki yake inapomwambia asubiri. Wewe hujua siku taarifa ya saa moja jioni inapofungua na habari hiyo, yaani miezi kadhaa baadaye, wakati wajuzi wameshanunua na wanatafuta wa kumuuzia. Huyo wa kuuziwa ni wewe.

Ni kweli kwamba kwa muda mrefu shilingi hushuka. Sikatai. Kutoka 85 mwanzoni mwa 2012 hadi 129 mwaka 2024 ni kupanda kwa dola kwa wastani wa kama asilimia 3.5 kwa mwaka. Dhamana za siku 91 kwa miaka hiyo zililipa zaidi ya hapo, hata baada ya kodi. Dola iliyofungwa kwenye bahasha hailipi kitu, na mfumuko wa bei wa Marekani unaitafuna humo humo ndani ya kabati.

Kisha huja "Na Zimbabwe je?" Naipenda Zimbabwe, kwa sababu anayeitaja kwa kawaida hajui kilichotokea baada ya zile noti za matrilioni. Nchi iliacha sarafu yake mwaka 2009 ikatumia dola. Watu wakaweka dola benki. Mwaka 2016 serikali ikaleta noti zake na kusema zina thamani sawa na dola, na mwaka 2019 salio la dola benki likawa sarafu ya nyumbani, iliyoanza kushuka siku ile ile. Lebanoni mwaka huo huo wa 2019, mabenki yalifunga milango, na yalipofungua, wenye akaunti za dola walizuiwa kuzitoa, wengi wakapewa lira kwa bei ya benki, si ya mtaani. Hivyo nchi ikifika pale unapopaogopa, akaunti yako ya dola katika benki ya nchi hiyo hiyo ndiyo ya kwanza kuguswa. "Basi nitashika taslimu." Sawa, shika, ulale nazo na mwizi ajue. Na ukitafuta dola za mtaani za bei nafuu utakutana na vijana wa wash-wash, matapeli wa noti bandia, ambao wao hawangoji uchumi uharibike.

Hoja moja tu huwa inanifanya nikae vizuri kitini: kwamba bei za vitu hufuata dola. Ni kweli kwa kiasi. Bili ya umeme ina mstari wake wa marekebisho ya fedha za kigeni, uchunguze. Lakini petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita Septemba 2023, sehemu ya mzigo ilikuwa kodi ya VAT kwenye mafuta, iliyopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai. Dola kabatini haikukingi na waziri wa fedha. Haikukingi na ukame unaopandisha unga, wala na mwajiri anayechelewesha mshahara miezi miwili. Na hicho cha mwisho ndicho kinachovunja nyumba. Katika hesabu za familia ninazopitia, sijaona iliyoangushwa na bei ya dola. Nimeona zilizoangushwa na kukosa shilingi siku mwenye nyumba alipobisha hodi, zikakopa kwenye simu, zikakopa tena kulipa ule mkopo wa simu, hadi kitanda kikauzwa.

Wanaostahili dola ni wanaodaiwa dola: karo ya nje, matibabu ya India, mzigo uliopo baharini. Hao wanunue kidogo kidogo, kila mwezi, wala wasingoje taarifa ya habari. Na wewe uliyenunua kwa 160 na unangoja irudi ndipo uuze, soko halijui ulinunua kwa ngapi. Uza, ulipe madeni.

Sasa yenye maana, na nitakwenda mbio kwa sababu nafasi nimeimaliza kwa dola.

Deni ghali kwanza. Mkopo wa simu wa siku 30 unaotozwa asilimia 7.5, ukiuzungusha mwaka mzima, unakula asilimia 90. Hakuna mahali pa halali utakapoweka pesa zikuzalie hivyo, basi kuulipa ndio uwekezaji wako bora. Pili, piga hesabu ya matumizi ya lazima, si ya mshahara. Kodi ya nyumba 12,000, chakula 15,000, nauli 5,000, umeme, maji na gesi 4,000, karo iliyogawanywa kwa miezi 6,000: jumla 42,000. Miezi mitatu ni 126,000, na hiyo ndiyo shabaha. Ukiona ni mlima, anza na mwezi mmoja. Mwezi wa kwanza ukae mahali utakapoutoa usiku wa manane, yaani M-Pesa au akaunti ya akiba. Wa pili na wa tatu ikae kwenye mfuko wa soko la fedha unaokulipa ndani ya siku chache, na ziada ikifika 50,000 fungua akaunti ya Benki Kuu kwa simu ununue dhamana za siku 91 mwenyewe, bila dalali. Benki zikifungwa, kama Imperial mwaka 2015 na Chase mwaka 2016, bima ya amana hulipa hadi 500,000 kwa mteja katika kila benki, hivyo aliyejaliwa zaidi ya hapo agawanye. Lipa mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali, ukiwa mzima. Kwa aliye nje ya ajira rasmi kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na kwenye machela si mahali pa kuanza kuutafuta. Ukiona kazi inayumba, zungumza na mwenye nyumba na mhasibu wa shule kabla hujachelewa hata siku moja. Aliyeahidiwa mapema huvumilia kuliko aliyekimbiwa. Mke na mume wajue wote pesa ziko wapi na zinatolewaje, maana nimeona wajane wakizungushwa mabenki mwaka mzima kutafuta akaunti ambayo marehemu aliificha kwa nia njema.

La mwisho ni sacco. Akiba yako kule si pesa ya dharura. Ni dhamana ya mikopo, na kwa kawaida huitoi mpaka ujiondoe uanachama na kungoja siku 60. Tena sehemu yake huenda si yako. Kama umewadhamini wenzako kazini na kampuni ikapunguza wafanyakazi, mkopo wa aliyefutwa unakuja kukatwa kwenye akiba ya wadhamini. Nenda wiki hii uombe taarifa yako, upitie orodha ya uliowadhamini, uone kila mmoja amebakisha kiasi gani, na yule wa kitengo kinachosemwa kitafungwa umwombe atafute mdhamini mwingine angali bado ana mshahara.