SOMO LA REDIO: JE, SPRINGI ZA UPEPO ZAHITAJI KUTUNZWA?

Leo somo letu ni juu ya magari. Ninyi mlioko Ringwani, na wenzenu wote wa Serengeti na Tarime, mwajua jinsi barabara ya changarawe inavyotikisa gari. Bila springi, kila shimo lingeumiza abiria na kuvunja mizigo.

Springi za magari makubwa mara nyingi ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Malori mengi yanazo. Aina ya pili ni mfuko mnene wa mpira uliojazwa upepo. Huko Marekani, basi la Scenicruiser la mwaka 1954 lilikalia mifuko ya namna hiyo. Siku hizi mabasi mengi makubwa ya safari ndefu nchini Tanzania yanayo.

Upepo huo watoka wapi? Injini huendesha pampu, na pampu hujaza matangi. Kutoka katika matangi upepo hupita katika mabomba membamba mpaka kwenye mifuko. Karibu na ekseli kuna vali, yaani mlango mdogo wa upepo. Abiria wakiongezeka, vali huingiza upepo, wakishuka, huutoa. Kumbukeni neno hili: pampu hiyo hiyo ndiyo inayolisha breki za upepo.

Wako wasemao, "Mpira hautaki grisi, basi hautaki fundi." Neno la kwanza ni kweli. La pili ni kosa. Mfuko hutaka machache, lakini huharibiwa na majirani zake. Tuwatazame.

Kwanza, maji. Upepo una unyevu, nao ukishindiliwa na kupoa, maji hubaki chini ya tangi na kuleta kutu katika vali. Dereva ayamwage kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Kichujio cha kukausha upepo nacho kibadilishwe kwa wakati wake.

Pili, matope na mawe. Yakikwama katika mikunjo ya mfuko, husaga mpira. Osheni kwa maji na sabuni. Msitumie petroli wala dizeli, kwa maana mafuta hula mpira.

Tatu, shokapu. Shokapu ikichoka, gari hurukaruka na mfuko huvutwa kupita kiasi.

Nne, kuvuja. Egesha gari jioni mahali tambarare. Asubuhi tazama: je, limelalia upande mmoja? Paka povu la sabuni penye viungo. Mapovu yakizidi kufura, hapo ndipo panapovuja.

Mtu akipuuza uvujaji mdogo, pampu hufanya kazi bila kupumzika, nayo huchakaa. Magari hayo yana vali ya kuulinda upepo wa breki, lakini vali haiwezi kufufua pampu iliyokufa. Hivyo tundu dogo la mfuko laweza kuwa hatari ya watu wote waliomo ndani ya basi.

Tena sikilizeni onyo hili, hasa ninyi matingo. Msiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa upepo peke yake. Upepo ukitoka ghafla, gari lote hushuka. Wekeni kwanza nguzo imara za chuma chini ya fremu.

Nanyi wenye springi za chuma msicheke. Jani moja la springi likipasuka, hayo yaliyobaki hubeba mzigo wake. Kagueni kila wiki, na boliti zilizolegea zikazwe.

Basi jibu letu ni ndiyo: springi za upepo zahitaji kukaguliwa kwa ratiba, hata kama gari laenda vizuri.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini maji hukusanyika ndani ya tangi la upepo?
2. Utajuaje kuwa mfuko unavuja?
3. Uvujaji wa mfuko wahusianaje na breki?

Jadilianeni, kisha andikeni majibu katika madaftari yenu. Kwaherini mpaka somo lijalo.